Saa Iliyotangulia Nusu Sekunde: Maisha ya Mama Vishimo

Dada yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Vishimo, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958 nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto wa tatu wa fundi mwashi na mshona nguo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972. Siku moja tetemeko lilipita, wenzake wakatimkia nje, yeye akabaki kwenye dawati akihesabu. Mwalimu alimgombeza kwanza, kisha akashindwa kujizuia, akamuuliza lilidumu sekunde ngapi. "Kumi na tisa, mwalimu." Aliendelea na sekondari, kisha chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1980.

Tarehe 3 Februari 1981 aliajiriwa katika ofisi ya utafiti wa milima ya moto. Katika kila kilima alichimba kishimo, akafukia chombo cha kupokea mitetemo, jina likamganda. Kwa wasioijua kazi ile: mawimbi ya tetemeko hupita chini kwa chini. Penye mwamba baridi hukimbia. Penye mwamba wa moto hukokota miguu. Ukilinganisha muda ambao yalifika kwenye vituo vingi, unachora kilichoko chini ya safu nzima ya milima. Baba aligonga kuta kujua palipo na uwazi. Binti yake aligongewa na dunia.

Shemeji yetu alikuwa dereva wa ofisi. Dada alimkataza kutembea karibu na vyombo, maana hata hatua zake zingeandikwa. "Basi andika na jina langu," akasema. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1986.

Sasa tuseme lililo gumu. Mapema mwaka 2008 ramani yake ilionyesha mwamba wa moto karibu kabisa chini ya mtaa wetu. Kaya arobaini na mbili zilihamishwa, mama yetu mzazi akiwemo. Baada ya miezi saba mama alifariki katika chumba cha kupanga, kila siku akiuliza atarudi lini kwake. Wiki tatu baada ya maziko, dada aligundua kwamba katika kituo kimoja waya wa kupokea majira kutoka setilaiti haukurudishwa baada ya usafi. Saa ilikuwa imetangulia nusu sekunde, na kila wimbi likaandikwa kana kwamba limechelewa. Aliyefanya usafi ule ni yeye.

Mkuu wake alimshauri kwa upole ayaache, kwani nani angekagua saa ya mwaka uliopita?

"Nimeshaikagua mimi," alijibu.

Aliwaita watu ukumbini, akaeleza yote. Fundi wa kuchomelea, jirani wa mama, akainuka. "Dada, mama yako tulimpandisha kwenye lori sisi. Alikuwa analia." Dada alibaki amesimama mpaka wa mwisho akatoka.

Miaka minane iliyofuata alirudia vituo vyote thelathini na kimoja, kimoja kimoja, mvua na jua. Ramani ya 2016 ilionyesha kuwa moto uko upande wa pili wa mlima, chini sana, pasipo na nyumba. Waliotaka kurudi wakarudi. Yeye alifagia nyumba ya mama, akakaa kizingitini kidogo, akafunga mlango.

Alistaafu mwaka 2018. Figo zilianza kumsumbua 2021, na shemeji alimpeleka hospitali mara tatu kwa wiki, akiendesha polepole asimtikise. Binti yake, muuguzi, alimuuliza angependa tuseme nini siku kama ya leo. "Msiseme nilikuwa hodari tu. Semeni nilikosea, na nilikosea wapi. Mama alihama kwa sababu yangu." Tumefanya alivyotaka. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, binti mmoja, wana wawili, wajukuu watano, kaka wawili na mdogo wake wa kike anayewasomea haya.

Apumzike kwa amani, yeye na mama yake.