Kona, Mjaribu Pikipiki Wetu, Anaagana na Panzi

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mjaribu pikipiki mkuu wa karakana yetu anastaafu rasmi. Jina lake kamili limeandikwa kwenye kadi ya mwaliko, na najua wengi wenu mlilisoma pale kwa mara ya kwanza. Sisi tunamwita Kona. Hata mkewe humwita Kona, hasa anapokuwa na neno naye.

Ninayeandika ni mtunza stoo ya vipuri. Nilipewa kazi hii kwa sababu dirisha la stoo linatazama lango, na hakuna aliyemwona Kona akitoka na kurudi mara nyingi kuliko mimi. Pia wenzangu wanasema nina maneno mengi. Sikatai.

Kona aliajiriwa kuosha pikipiki. Karakana wakati ule ilikuwa banda moja la mabati lenye joto la tanuri, na bomba la maji lilikuwa upande wa pili wa uwanja. Waoshaji wenzake walizisukuma pikipiki kurudi bandani huku wakihema. Yeye alizipanda. Siku moja mmiliki wetu wa kwanza, apumzike kwa amani, alimkuta akilizunguka pipa la oili chafu huku ameilaza pikipiki ya mteja ubavu, goti lake likikaribia kugusa ardhi. Sote tulijua kibarua kimeota nyasi. Mmiliki aliingia ofisini, akatoka na helmeti yake mwenyewe, akamkabidhi. Kuanzia wiki ile, Kona hakushika tena sabuni.

Kwa wageni wasioijua kazi ya mjaribu: pikipiki ikishatengenezwa, haimfikii mwenyewe kabla haijapigwa mzunguko. Mjaribu anatoka langoni, anapita kinu cha kusaga nafaka, anavuka daraja, anapanda kilima chenye zile kona tatu mbaya, kisha anarudi kwa barabara ya vumbi iliyo nyuma ya shule. Mzunguko huo tuliukuta. Lakini sharti tulilolizoea sote lililetwa na Kona, baada ya mteja mmoja kuanguka kwa sababu ya bolti iliyolegea. Sharti lenyewe ni hili: aliyefunga ndiye anayebebwa. Fundi akimaliza kukaza nati ya mwisho, anavaa helmeti na kupanda kiti cha nyuma, na Kona anampeleka kwenye kona tatu kwa mwendo ambao mteja mwenyewe hatauthubutu.

Mafundi wapya walilichukia sharti hilo kwa miezi ya mwanzo, kisha wakaanza kulisifia kwa watu. Fundi mmoja wa breki, ambaye leo ana karakana yake na amealikwa, alimgusa Kona bega wakiwa katikati ya daraja. Alikuwa amekumbuka kwamba nati ya gurudumu la nyuma aliikaza kwa vidole tu, akisubiri spana iliyokuwa kwa mwenzake, halafu chai ikaletwa. Kona alisimama pembeni taratibu, akatoa spana kwenye koti lake, akampa, akasubiri. Hakumshtaki kwa yeyote. Tulijua tu kwa sababu jamaa alirudi akashindwa kula, na sahani ya fundi yule si kitu kilichozoeleka kubaki na chakula.

Sasa nifike kwenye mzozo, maana wasifu wa Kona bila mzozo utakuwa wa mtu mwingine.

Fundi mkuu wa injini ni kaka wa mke wa Kona. Kona alimwita shemeji, nasi tukafuata, na leo hata wateja wanaomwona kwa mara ya kwanza huuliza kama Shemeji yupo. Wawili hawa wamekula sahani moja kwa miaka yote hiyo, na katika miaka yote hiyo hawajakubaliana pikipiki ipi ni pikipiki. Kona ni mtu wa spoti, zile nyepesi za mwendo ambazo mwendeshaji hujikunja, kifua juu ya tangi na magoti nyuma. Shemeji ni mtu wa kruza, zile ndefu na nzito zenye kiti cha chini, usukani ulioinuka na miguu iliyonyooshwa mbele. Shemeji aliziita za Kona panzi. Kona aliziita za Shemeji sofa. Majina hayo yalishika mpaka mimi mwenyewe nimewahi kuagiza kwa simu pedi za breki za panzi, na muuzaji akadhani nimechanganyikiwa.

Nimesikiliza mabishano yao kupitia dirishani hadi ningeweza kuyafundisha. Kona alisema panzi inakwenda unakotazama. Ukiwaza kona, tayari imelala. Sofa, alisema, lazima uiarifu mapema, na hata ikikubali inakwaruza lami kwa vikanyagio vyake kama inayolalamika. Shemeji hakubisha hapo. Aliuliza tu ni nani anayeishi kwenye kona. Barabara nyingi zimenyooka, alisema, nyingine zina mchanga na mashimo, na huko sofa inatulia ilhali panzi inamrusha mtu wake.

Kuhusu uimara, hapo Shemeji alipandisha sauti. Injini ya sofa inazunguka polepole, haichemki kwenye foleni, na plagi yake unaifikia ukiwa umekaa kwenye kopo. Panzi, ili uone plagi tu, unavua maplastiki mpaka sakafu nzima inajaa, na ukisharudisha yote unabaki na skrubu moja mkononi usiyojua ilikotoka. Kona alijibu kwamba panzi ikipewa oili safi kwa wakati wake haimwangushi mtu, na kwamba sofa inatetemeka mpaka inajifungua nati zenyewe. Kwa takwimu za stoo yangu, wote wawili walikuwa wakisema kweli, na wote wawili walikuwa wakinimalizia vipuri.

Siku moja mmiliki alichoka. Kulikuwa na pikipiki mbili za kupeleka tawi letu la ng'ambo ya milima, na mbili nyingine za kurudisha, moja ya kila aina kila upande. Akawatuma wote wawili: Kona aende na panzi na kurudi na sofa, Shemeji afanye kinyume chake, kisha wafunge midomo. Kona alifika tawini mbele kwa saa nzima, lakini hakuweza kunyooka. Walimshusha watu wawili, wakamlaza kwenye benchi la wateja akiwa bado amejikunja. Shemeji aliwasili akipiga mluzi na kuuliza chakula kiko wapi. Kesho yake, wakirudi, Shemeji alifikisha panzi kwenye kona ya kwanza, akanyoosha moja kwa moja hadi ndani ya shamba la mahindi. Kona alirudi na sofa salama, akiwa amepunguza urefu wa vikanyagio vyake. Alipoulizwa kama ilimsumbua njiani, alisema haikumsumbua hata kidogo, kwani hata kiti cha sebuleni hakiharibiki. Midomo haikufungwa.

Mkewe Kona, fundi cherehani ambaye ndiye aliyetushonea maovaroli yote tunayovaa, alikuwa na maoni yake. Walipooana alipenda sana kubebwa. Baadaye aliacha. Alitueleza kwamba kiti cha nyuma cha panzi kimetengenezwa kwa ajili ya ndege wa mtini, na kwamba mtu aliyekaa pale haoni kitu isipokuwa mgongo wa mumewe. Kila mwaka alimwomba Kona wanunue sofa waende mahali, popote. Kila mwaka Kona alicheka.

Mwaka jana mkono wa kushoto wa Kona ulianza kugoma. Shemeji ndiye aliyeona kwanza: Kona alikuwa akichagua kuziegesha pikipiki kwenye mteremko, ili zianze kwenda bila kuhangaika sana na klachi, inayovutwa kwa mkono huohuo. Kisha kikombe kilimponyoka mbele yetu sote. Daktari alisema mishipa ya kiganja imechakaa kwa miaka ya kulalia usukani na uzito wote wa mwili, kama panzi zinavyomtaka mtu afanye. Alipasuliwa. Maumivu yaliondoka, lakini vidole havikurudi. Hawezi kuvuta klachi ya panzi, wala ya sofa, wala ya kitu chochote.

Uongozi ulimpa kiti cha usimamizi. Alikikalia kwa muda, kisha akaomba kustaafu. Sitaficha kwamba miezi ile ilituumiza. Alikuwa akisikia injini inawashwa, anainuka, halafu anakumbuka. Mkewe alituambia kwamba nyumbani Kona hufunga dirisha linalotazama barabara, hata kwenye joto. Mjaribu mpya, mtu muungwana, alijitolea kumpigisha mzunguko nyuma yake. Shemeji alijitolea. Hata mimi, ambaye naogopa baiskeli, nilijitolea kujifunza. Kona alimjibu kila mtu kwa maneno yaleyale.

"Mimi si gunia," alisema.

Alikuwa hajawahi kukaa kiti cha nyuma maishani mwake. Tulichokiogopa ni kwamba anaondoka kwetu, na wakati huohuo anaondoka kwenye pikipiki kabisa, na mtu wa aina yake akifungiwa dirisha hachukui muda mrefu kuzeeka.

Mkewe hakutuomba ushauri. Alikuja karakana Jumapili moja alasiri, tukiwa tumefunga, akamwambia kaka yake amfundishe. Shemeji alidhani anatania. Alipoona hatanii, akaivuta kutoka kona ya banda sofa moja kuukuu ambayo mteja wetu wa siku nyingi alituachia, watoto wake walipomkataza kuendesha. Wiki baada ya wiki mama yule alizunguka uwanja ule. Aliparamia rundo la matairi mara mbili, akajipangusa, akaendelea. Kiti kiko chini, miguu yake inafika ardhini, na pikipiki yenyewe haina haraka. Kwenye panzi angekata tamaa siku ya kwanza. Alifanya mtihani wa leseni, akashindwa, akarudia, akapita. Sisi tukaifungua sofa yote na kuijenga upya baada ya saa za kazi, na kwa mara ya kwanza katika historia ya stoo hii vipuri vilitoka bila mimi kugomba.

Mwezi uliopita tulimwita Kona kwa kisingizio. Shemeji alimwambia kuna sofa ya mteja, imebaki kukazwa bolti za kiti cha nyuma tu, na mafundi wote wana shughuli. Kona akanung'unika kwamba karakana imekosa watu, akapiga magoti, akazikaza kwa mkono wa kulia, moja baada ya nyingine, akazirudia kuhakikisha. Alipoinuka, mkewe alikuwa anatoka stoo kwangu akiwa na helmeti kichwani na nyingine mkononi. Akaketi kwenye pikipiki, akaiwasha.

"Umefunga wewe," alimwambia. "Panda."

Kona alimtazama mkewe. Alimtazama Shemeji, ambaye alijifanya anatafuta kitu kwenye sanduku la spana. Sharti lilikuwa lake mwenyewe, na mafundi aliowapandisha nyuma kwa sharti hilo walikuwa wamejipanga kando ya banda wakimsubiri. Akaivaa helmeti. Akapanda, akahangaika mikono aiweke wapi, mwishowe akamshika mkewe kiunoni. Wakatoka langoni kwa mwendo ambao kuku angewapita.

Walichelewa. Shemeji alitembea mpaka barabarani na kurudi, akatembea tena. Baadaye tulijua kwamba injini ilimzimikia mama darajani mara mbili, na kwamba Kona hakusema neno, jambo ambalo mkewe analihesabu kuwa muujiza. Waliporudi, Kona alishuka polepole, akavua helmeti, na badala ya kutupa ripoti ya breki na gia kama tulivyotarajia, akatuuliza swali.

"Pale ng'ambo ya daraja, lile shamba la alizeti limelimwa lini?"

"Lipo siku zote, mume wangu," alisema mkewe. "Wewe ulikuwa unapita."

Shemeji alikwenda bombani kunawa mikono, na alinawa kwa muda mrefu kuliko grisi ilivyohitaji. Mimi nililia waziwazi, dirishani pangu, na simwonei mtu haya.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, Kona, asante. Asante kwa kila fundi aliyejifunza kukaza nati kwa kuogopa kubebwa, na kwa kila mteja aliyefika kwake usiku salama na hajui jina lako. Asante kwa kutubishia. Panzi zote zilizobaki hapa tutazitunza kwa oili safi na kwa wakati wake, na Shemeji ameahidi kuziita spoti kwa wiki nzima.

Mama, nawe tunakushukuru, kwa maovaroli na kwa hilo lingine.

Wageni waalikwa, wanandoa hawa watatuaga mara baada ya chakula. Wanakwenda kwa binti yao, ng'ambo ya milima, barabara ile ambayo Kona aliwahi kuimaliza asubuhi moja. Safari hii wamepanga kulala njiani mara mbili, kwa sababu abiria anataka kuona. Tunaomba magari yasiegeshwe mbele ya lango, na vigelegele visubiri mpaka wapite kinu, maana dereva bado anashtushwa na kelele. Nendeni salama, mkae vyema, mzeeke polepole.