Kizimba cha Olow

Ukame ulipommalizia ngamia wake wote, Olow alihamia Garissa mjini, na mwaka ule wa tisini na tatu asubuhi zake zilikuwa kwenye gogo la nje ya kibanda cha kahawa cha Fatumo, jirani na soko la mifugo. Wenzake wa gogoni walikuwa wawili. Injinia aliitwa hivyo kwa kuwa aliwahi kushika kamba barabara ilipokuwa ikipimwa. Redio, kwa kuwa hapakuwa na habari iliyompita, na iliyompita aliitunga.

Lakini aliyezoea kuchunga hawezi kukaa bure. Nyuma ya nyumba yake Olow alisimamisha nguzo, akazungushia wavu wa waya, akafuga humo ndege alioletewa na wachungaji: kanga wa shingo ya buluu, njiwa, na hua wadogo wa porini. Mkewe Abshiro alisema tangu waje mjini hakuwa amemsikia mumewe akiimba, na sasa alikuwa akiimba akiwamwagia mtama.

Furaha hiyo haikukaa. Kanga waliliteka karai la maji, na hua akisogea tu anadonolewa. Asubuhi moja Olow alimkuta hua mmoja amekufa kwenye waya, utosi umechubuliwa. Alimfukia mwenyewe, akaja kijiweni. Fatumo akamjazia kikombe bila kuombwa.

Aliposimulia, Redio alitikisa kichwa.

— Walaal, ndugu yangu, mafahali wawili hawakai zizi moja.

— Hua ni fahali tangu lini? akauliza Fatumo.

Injinia akasema kosa ni ramani. Kizimba kiwe ghorofa tatu, na ngazi, kila kabila la ndege na sakafu yake kama hoteli ya Nairobi. Redio akaona hiyo ni gharama ya bure: itundikwe kofia ya chifu juu ya nguzo, maana hata ndege wa huku wanaijua serikali. Injinia hakukubali kushindwa. Basi wapakwe rangi wote, alisema, rangi moja. Wakifanana, nani atajua nani ni kanga?

— Penye wazee haliharibiki neno, akamalizia Redio.

Olow alicheka kidogo, lakini utosi ule haukumtoka machoni.

Pembeni alikuwa amesimama Weris, mwanamke aliyevuka mpaka akikimbia vita vya Kismayu, akisubiri kujaziwa birika la jamaa waliompa hifadhi. Hakuwa na desturi ya kusema pale.

— Adeer, baba yangu, samahani, akamwambia Olow. Yule anayepigwa, humo ndani anakimbilia wapi?

Olow alikiona kizimba chake mawazoni: kweupe kona hadi kona. Popote hua aliposimama, kanga alimwona.

— Nilitaka niwaone wote, akasema polepole.

— Na adui wa hua naye anamwona, akasema Weris.

Olow aliacha kikombe nusu. Siku hiyo hiyo alikata matawi ya mathenge, ule mti wa miiba, akayarundika kwenye kona mbili, ndani pakiwa na nafasi ya hua kupita lakini si kanga. Akatundika mikeka mikuukuu katikati, kila mmoja ukiwa na upenyo wa kutokea upande wa pili. Fito za kulalia akazifunga juu, nyingi, asiwepo wa kugombea. Maji akayaweka mahali patatu, kila karai likiwa halionekani kutoka kwa jingine. Injinia alikuja na nyundo yake akagongea misumari mpaka jua likazama, na habari ya ghorofa hakuigusa.

Siku chache baadaye Abshiro alimwalika Weris aje aone. Waliketi wote nje ya waya. Kanga alimkimbilia hua karaini; hua akapenya nyuma ya mkeka, akatokea upande wa pili, akanywa. Kanga akasimama, kama aliyesahau alichokuwa akikifukuza, akarudi kuparura mchanga.

Weris alimtazama hua mpaka akashiba maji. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kumsimulia Abshiro habari za njiani: akina nani walitoka naye, na akina nani hawakufika. Chai ikapoa mikononi mwao. Olow, aliyekuwa ameinuka kuwalisha ndege, hakugeuka. Aliendelea kumwaga mtama kidogo kidogo, ili usimwishie kabla hajasikiliza mpaka mwisho.