Ng'ombe Wawili wa Machano

Baraza yetu ya Malindi, mtaa wa bandarini hapa kisiwani, ina sifa moja: hakuna kifo tusichokijua sababu yake. Alasiri ile ya mwaka sabini na moja tulikuwa tukimjadili Mweupe, ng'ombe wa gari wa Machano, aliyekufa kwa homa ya siku sita. Machano mwenyewe alikuwa nasi. Bintiye Shemsa, wa maabara ya mifugo, kapata nafasi ya kusomea shahada ya udaktari Ulaya, miaka minne, juu ya chembe za mwili wa mnyama. Meli ya Dar es Salaam kesho asubuhi, na baba hajatoa radhi. Mimi nilikuwa upande wa Shemsa, ila kahawa ilikuwa mdomoni.

— Miaka minne kusoma kitu kisichoonekana? akasema Mkubwa, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Mimi nshamaliza uchunguzi. Mweupe kala majani ya makaburini.

— Wapi, akajibu Bakar Hakimu. Akivuta gari juani. Mchumia juani hulia kivulini.

— Sasa kulia kunaingiaje hapa? Machano akauliza.

— Kwani bandani hakulia?

— Basi ni jicho, akasema Redio. Kuna nahodha alimsifu pembe.

— Jicho halileti homa, yakhe, akasema Hakimu. Huyo jini wa bandarini. Kataka kupakiwa garini, Machano kampita.

Shemsa akatokea kichochoroni, akasimama mbele ya babake.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Baba, nimekuja kutaka radhi yako, na siondoki bila ya kuipata.

— Mwanangu, wazee hawa washajua kilichomuua Mweupe. Wewe unakwenda kutafuta nini huko?

Shemsa akatugeukia.

— Mweupe na ng'ombe mwenzake Punju wakilala banda moja, wakila majani hayo hayo, wakiumwa na kupe wale wale. Homa iliwashika siku moja. Mbona Punju kapona?

Hakimu akatafuta methali, akaikosa. Mimi nikatazama kikombe changu, nacho kilikuwa kitupu.

— Hata mimi sijui, Shemsa akasema. Nimezitazama damu zao mpaka hadubini yetu ikafika mwisho wake. Jawabu limo ndani ya chembe, baba, na mimi nnakwenda kulifuata.

Machano akainuka, akamwekea bintiye mkono kichwani.

— Radhi unayo. Kesho saa kumi na mbili asubuhi uwe mlangoni. Sanduku lako atalivuta Punju.