Afande Taratibu Aaga Dirisha la Migongo

Sauti ya mhuri wake imenibakia tangu siku yangu ya kwanza hapa: pfu. Mihuri ya ofisi nyingine hugonga meza kana kwamba ina ugomvi nayo. Wa Afande Taratibu ulitua juu ya taulo lililokunjwa mara nne, kama mtu anayeketi kitandani bila kumwamsha mwenzake. Nilidhani anaionea meza huruma. Ilinichukua muda kuelewa kwamba benchi la mbele ya dirisha lake limejaa watu wanaoruka kitu kikigonga. Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, mtunza kumbukumbu huyu wa kitengo chetu cha afya ya akili anastaafu.

Alikuja kwetu akitoka jeshini, sajini aliyerudi kutoka vitani na viungo vyote na kicheko kikubwa. Aliajiriwa awe mlinzi wa lango. Mwaka wa pili ikagundulika kwamba ndiye mtu pekee, madaktari wenyewe wakiwemo, anayeweza kusoma mwandiko wa madaktari. Akahamishiwa masjala siku hiyohiyo. Jina la Taratibu alilipata kwa neno alilomwambia kila aliyebamiza mlango, aliyeburuta kiti au aliyeangusha sinia. Hata mganga mkuu aliambiwa taratibu. Akaomba radhi.

Enzi hizo kibao chetu kilikuwa na herufi nyekundu zilizosomeka hadi kituo cha basi. Wanajeshi wastaafu walikuwa wakifika, wakikisoma, wakigeuka nyuma kwa ukakamavu uleule wa gwaride, na kwenda zao. Nani atake kuonwa na shemeji akiingia kwa "wendawazimu"? Mmoja wao, dereva wa kifaru aliyekuwa hajalala vizuri miezi miwili, aliulizwa na muuguzi anatafuta nini. Akasema jino. Akapelekwa kwa jino. Aling'olewa gego lisilo na hata doa, akarudi nyumbani na pengo jipya na usingizi uleule wa mang'amung'amu.

Habari ya gego ilimnyima Taratibu raha. Wiki iliyofuata, alipotokea mwingine dirishani, akihema na kuangaza kushoto na kulia, hakumwuliza anaumwa nini. Alimnong'oneza tu, "Mgongo?" Yule bwana akamtazama kidogo. "Eeh," akasema, "mgongo." Ikaandikwa mgongo kwenye daftari la mahudhurio, akaelekezwa chumba namba tatu kwa mnasihi, na ukweli ukaandikwa ndani ya jalada, mahali pake. Neno likaenea kwa vinyozi na misibani: ukiwa na mgongo, nenda kwa Taratibu. Nilipomwuliza kwa nini mgongo na si goti, alinijibu, "Binti, mtu hawezi kuuona mgongo wake. Na aliyebeba mzigo haulizwi kwa nini mgongo unamuuma."

Wake zao hawakudanganyika kirahisi. Mmoja alikuja akaegemea dirisha. "Afande, huu ni mgongo gani unaopiga kelele usingizini?"

"Ni mgongo wa juu, mama."

"Juu wapi?"

"Juu kabisa."

Mama akavuta kiti, akauliza wao nyumbani wafanye nini.

Kazi nzuri nayo haikosi balaa. Makao makuu walisoma takwimu zetu wakashtuka: wanajeshi wastaafu wa eneo zima wamevunjika migongo! Wakatuletea daktari wa mifupa na maboksi ya mikanda ya kiunoni. Wazee wetu, kwa kutunza siri, waliivaa yote, wengine juu ya koti. Daktari aliwapima tisa akakuta migongo tisa iliyonyooka kuliko rula. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akamwomba Taratibu amweleze. Wakakaa masjala tangu saa nne hadi saa saba. Ripoti yake ilikuwa na sentensi mbili ambazo bado tunazo ukutani: "Maumivu ni ya kweli. Mahali ndipo palipokosewa."

Mimi nilipofika kuwa mnasihi miaka mitatu iliyopita, na shahada mbili na moto kifuani, nilimwandikia barua ya kurasa mbili kuhusu usahihi wa kumbukumbu. Aliisoma yote bila kuruka mstari, akaipiga mhuri, akaihifadhi. Niliikuta baadaye, imepangwa vizuri chini ya herufi M. Mgongo.

Mwezi wa Januari nilipewa kazi ya kuhesabu majalada aliyofungua, kwa ajili ya makala hii. Yalikuwa elfu moja, mia moja na arobaini. La kwake halikuwemo. Nilirudia kuhesabu, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni alimokwisha kuutafuta. Mtu anayekula amesimama, macho mlangoni. Mtu ambaye, maputo yalipopasuka siku ya kufungua jengo jipya, tulimkuta chini ya meza akisema anatafuta kalamu, na kalamu iko sikioni. Tulicheka sana siku ile. Mimi nilicheka kuliko wengi, na dalili hizohizo ndizo nilizosomea.

Nikaanza kumwandama. Nilijua kwamba akishatoka kwenye lile dirisha hatarudi tena, kwa sababu hatakuwa na kisingizio cha kuukaribia mlango wetu. Alinikwepa kwa mzaha. "Mimi mgonjwa? Mimi ndiye mlango, binti. Umeona wapi mlango unaumwa?" Nikamwambia bawaba huota kutu. Akacheka, kisha kicheko kikaisha kabla ya wakati wake. "Wakiniona mimi kwenye benchi," akasema, "nani atawaambia hapa si kwa wendawazimu?"

Kwa swali hilo nilikuwa na vitabu tu.

Wiki tatu zilizopita, Jumanne, saa mbili asubuhi, Afande Taratibu alivua kitambulisho chake, akatoka masjala, akajipanga kwenye foleni nyuma ya watu watano. Foleni haikusogea, maana aliyepaswa kuisogeza alikuwa ndani yake. Wazee wakavumilia kijeshi. Hatimaye wa mbele akageuka: "Afande, dirishani hakuna mtu."

"Naona."

"Sasa?"

Akazunguka, akaingia, akawaandika wote watano, akajiandika na yeye, akajipigia mhuri, akatoka kurudi mahali pake. Lakini walikuwa wamekwisha kuongezeka wengine wawili, na mmoja akamzuia kwa kiwiko. "Umeacha foleni, afande. Nyuma." Akaenda nyuma.

"Na wewe mgongo?" akaulizwa huko.

"Hapana," akasema. "Vita."

Benchi zima likamgeukia. Yule wa kiwiko akakohoa. "Basi na sisi tuandikwe hivyo?"

"Wewe andikwa mgongo kama kawaida yako. Kila mtu na siku yake."

Jalada lake ni la elfu moja, mia moja na arobaini na saba. Kwa kuwa ni mwenzetu, anaonwa na mnasihi wa hospitali nyingine, kila Alhamisi, na hadi leo hajakosa. Ameniruhusu kuyaandika haya kwa sharti kwamba nisimfanye shujaa. Nimejitahidi.

Afande, asante kwa kila mtu uliyemwingiza bila kumwaibisha, na kwa kutuvumilia sisi tuliokuja na majina marefu ya ugonjwa kabla hatujajifunza kusalimia. Nenda salama. Tunakutakia usingizi wa kukoroma hadi majirani walalamike, chakula cha kuketi chini, na Alhamisi nyingi njema.

Asubuhi ile ya foleni, wale wawili walioongezeka walibaki bila wa kuwaandika, nikaingia dirishani mimi. Mmoja nilimwita jina kwa sauti kubwa mno, na wote wawili niliwauliza wanaumwa nini. Mmoja aliondoka. Nilimkimbilia hadi langoni, akarudi. Kesho yake nilimwandikia mganga mkuu kuomba nikae pale kila siku hadi saa tano, kabla ya kuingia chumba namba tatu. Amekubali. Nimeanza Jumatatu.