Bwana Nyuzi na Maboksi Tisini na Sita

Mliotoka mbali na mliovuka ua tu, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo, tunaomba masikio yenu kidogo, maana haya yanayosomwa marehemu aliyataka yeye mwenyewe, dada yake mkubwa ndiye aliyeyataja yakaandikwa, na dada huyo kasema yasikatwe hata mkia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, siku ya Jumatatu, mtoto wa pili kati ya wanne wa fundi cherehani, na alikuja miguu mbele, mkunga akatoa jasho mpaka akasema huyu hataki kutoka huyu, na mama yetu akamtania kwa neno hilo maisha yake yote. Alianza shule ya msingi mwaka 1966, akamaliza 1973, akaendelea na sekondari hadi 1977, hesabu zilikuwa zake, maneno hayakuwa yake, ukimuuliza habari za shule anakujibu nzuri, basi, umemaliza mazungumzo.

Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa uwanja wa ndege, kwenye ghala la mizigo, akibeba maboksi kwa bega, na tarehe 17 Desemba 1983 akamuoa mke wake, ambaye yuko hapa mbele yetu, wakapata watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja, na wajukuu watano. Mwaka 1986 wakubwa wake waliona kijana huyu hakosei namba, wakamhamishia chumba cha baridi awe mpimaji.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi, ili tusiwaache njiani. Nyama, samaki, maharage mabichi, vyote vinavyosafirishwa kwa ndege vinapitia chumba kile, samaki wa kugandishwa lazima awe nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, na marehemu ndiye aliyefungua boksi la katikati, akachomeka kipimajoto, akasubiri, akaandika namba kwenye karatasi na kutia sahihi, na bila sahihi yake mzigo haupandi ndege hata uwe wa mkubwa gani. Akavaa koti zito na kofia ya masikio miaka thelathini na miwili, nje jua linachoma lami, yeye ndani anapuliza vidole, na mtaani wakamwita Bwana Nyuzi, kwa sababu mgeni akiingia kwake na mfuko wa nyama yeye hasalimii kwanza, anaubonyeza mfuko, anasema hii imeyeyuka njiani shemeji, hii mpike leo leo.

Sasa tunafika pale ambapo familia hii ilipasukia, na wengi mmesikia vipande tu.

Kitinda mimba wetu, mdogo wake marehemu, alianza biashara ya kupeleka minofu ya samaki ng'ambo, na tarehe 14 Machi 1998, Jumamosi asubuhi, alileta mzigo wake wa kwanza, maboksi tisini na sita. Mashine ya baridi ya lori lake ilikuwa imekufa njiani, naye akanyamaza akitumaini haitaonekana. Marehemu akachomeka kipimajoto, kikasoma nyuzi mbili tu chini ya sifuri, akabonyeza boksi la pembeni, kidole kikazama. Akamwambia mdogo wake mzigo huu hauendi. Kitinda mimba akasema kaka, ukiurudisha chumbani utaganda tena, nani atajua, marehemu akamjibu atakayemla atajua. Ndipo mdogo mtu akatoka, akaenda kwenye simu ya ofisini, akarudi na ujumbe wa mama yetu, kwamba wewe uliyetangulia kuzaliwa ukimwangusha mwenzio leo mimi usiniite tena mama.

Marehemu alikaa kwenye kile kigoda chake, mlango wa chuma umefungwa, mdogo wake upande mmoja, karatasi upande mwingine, na mwishoni alimsimulia dada yake kwamba ndani mle mlikuwa na baridi ya kugandisha mate lakini mgongo wake ulilowa. Akaandika kumi na nane. Akatia sahihi.

Aliyeendesha mashine ya kunyanyulia mizigo siku hiyo, kuutoa mzigo chumbani na kuupeleka mpaka tumboni mwa ndege, alikuwa ni mwenzake wa kazi, rafiki yake wa kula sahani moja, dereva tuliyemzoea kwa jina la Mwendopole, kwa sababu hakukimbia kamwe na mzigo wa watu. Samaki walipofika kule wakakataliwa, wameharibika, ikaja barua, wakubwa wakatazama karatasi, karatasi inasema mzigo ulitoka chumbani ukiwa mgumu kama jiwe, basi kati ya chumba na ndege ni nani, ni dereva, na jina lake lenyewe likamponza, wakasema Mwendopole kawaacha samaki juani akipiga soga. Tarehe 6 Aprili 1998 akafukuzwa kazi. Aliapa, akamwita marehemu ashuhudie, na marehemu akaangalia viatu vyake.

Tangu siku ile ndugu yetu hakutoka tena mle chumbani, tunamaanisha hivyo. Mwaka 2003 walimpa ofisi ya juu, yenye dirisha na kiti cha kuzunguka, akakataa, mkewe akamuuliza wewe mwanamume una akili timamu, kisha akafunga nguo zake akaenda kwao miezi minne, naye hakusema. Kifua kilipoanza kumsumbua mwaka 2009 daktari aliandika ahamishwe sehemu yenye joto, ile barua akaikunja akaitia mfukoni. Mwanzoni aliogopa kwamba atakayekalia meza yake atafungua kabati, aione ile karatasi na kuanza kuihoji namba yake, lakini baadaye, alivyomwambia dada yake, hata woga uliisha, likabaki jambo moja tu, kwamba mwenzangu nimemtoa mimi, sasa nitatoka vipi. Na sisi nje tukamsema, dada yake mkubwa akiwa wa kwanza, tukamwita mvivu wa kupanda cheo, tukamwita mwenye kiburi kwa kutokula kwa mdogo wake, tukagawana, huyu wa Nyuzi huyu wa Kitinda mimba, harusi mbili zikapita nusu ya ndugu hawapo. Mama yetu alifariki tarehe 21 Agosti 2011 akijua alimsaidia mwanawe, asijue alimfungia mwingine.

Alistaafu tarehe 9 Juni 2018. Tarehe 3 Mei 2021 alilazwa mara ya kwanza, mapafu, akawa wa kutoka na kurudi, na kwenye joto lote lile la wodi anaomba blanketi la pili. Tarehe 20 Septemba 2023 alimtuma binti yake mkubwa amtafute Mwendopole, akaja, akasimama, kiti hakukitaka, na marehemu akamweleza yote. Dereva yule akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, haya unanipa mimi ya nini, mimi nayajua, mimi ndiye sikuwaacha samaki juani, walioambiwa niliwaacha ni watu wote, basi waambie watu wote. Akaondoka.

Marehemu akamwita dada yake, akasema yaandikeni kwenye historia yangu. Kitinda mimba akaja juu, akasema utatutia aibu mbele ya halaiki, yasomwe ya kuzaliwa na ya kuoa yatosha, mkisoma hayo mimi siji. Dada mkubwa akamwambia mdogo wangu, usipokuja utakuwa umesoma wewe mwenyewe kabla yetu. Amekuja, yuko pale, tunamshukuru. Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 12 Oktoba 2023, saa tatu asubuhi.

Kwa hiyo tunasema mbele ya wote mliopo, na waliofanya kazi ghala lile mpo wengi: mzigo wa tarehe 14 Machi 1998 uliingia ukiwa nyuzi mbili, haukuwa kumi na nane, namba ile aliiandika marehemu, kwa kubanwa na sisi nduguze, na dereva hakuwa na kosa lolote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani waliotuletea maji na viti bila kuitwa, wenzake wa ghala la mizigo waliokuja na makoti yao ya kazi, na mkewe, ambaye alirudi bila kupewa sababu, na sababu ameipata leo pamoja nanyi.

Mwendopole, tumekuona umekaa safu ya nyuma. Wabebaji wa jeneza ni sita, tumehesabu watano, nafasi ya mbele kulia tumeiacha. Ukikataa hatutakulaumu, na hatutaijaza kwa mtu mwingine, tutabeba hivyo hivyo upande ukiwa mzito.

Nawe ndugu yetu, umeshatoka. Pumzika.