Punje Nilizomsingizia Kahindo

Sifa zote ni za Bwana, ndugu zangu. Mimi ni Baluku wa Munkunyu. Nasimama kushukuru kwa sababu naona, lakini moyo wangu ni mzito.

Nilikuwa msimamizi wa akina mama wanaochambua kahawa katika ghala moja hapa Bwera. Kazi nilijifunza mwenyewe, vitabuni. Sinia likiletwa mezani, nilitazama katikati, nikahesabu kimoyomoyo hadi kumi, nikatia sahihi kwamba kahawa ni safi. Niliutegemea utaratibu huo kuliko nilivyomtegemea Mungu.

Kichwa kikaanza kuuma. Nikasoma, nikaamua ni mafua sugu, nikajifukiza. Watu wakasema nina majivuno, napita bila kusalimu. Kahindo, mchambuzi aliyekimbia vita ng'ambo ya mpaka, upande wa Butembo, alinitania: "Papa Baluku, salimia basi. Mimi siko muti," yaani yeye si mti.

Kisha wanunuzi wakarudisha magunia yenye punje nyeusi, zile mbovu tulizopaswa kuzitoa. Siku hiyo nilipoanza kutia sahihi sinia la Kahindo, alinizuia. "Bado, Papa. Angalia huku kando, iko nyeusi."

Nikageuza kichwa, nikaziona. Ndugu zangu, niliamini amezitupia pale nikitazama katikati, na kwamba ndiye anayeharibu magunia. Nikamfukuza mbele ya wenzake, nikamwita mhujumu.

Alijifunga kitenge vizuri, akasema: "Mungu anajua. Ni macho yako iko na shida. Enda kwa munganga." Kwao munganga ni daktari.

Sikwenda. Miezi ikapita, mpaka bodaboda iliyotokea ubavuni iliponigonga mjini Kasese. Hospitalini daktari aliniambia nitazame pua yake, akainua mikono yake pande zote mbili. Sikuiona. Nikapelekwa Kampala. Picha zilionyesha uvimbe chini ya ubongo, umebana mishipa ya macho. Nilikuwa naona mbele tu. Pembeni nilikuwa kipofu bila kujua.

Nilidhani watapasua fuvu. Hapana. Walipitia puani, kwa bomba jembamba lenye taa na kamera, wakautoa uvimbe kidogo kidogo. Niliomba kama mtoto, nikalala, Bwana akaniamsha. Siku ya nne muuguzi aliweka kikombe cha chai kando yangu, nikakiona kabla hajasema neno. Nililia. Mtu wa kwanza niliyemkumbuka ni Kahindo.

Nilipopona nilikwenda kwake. Chumba kilikuwa na wapangaji wengine. Jirani akaniambia hakuna ghala lililompokea tena baada ya maneno yangu, akavuka mpaka na watoto wake kurudi kule alikokimbia. Niliwakusanya wachambuzi nikawaeleza ukweli. Nimevuka mpaka pale Mpondwe mara tatu kumtafuta. Sijampata.

Ndugu zangu, mtumainini Bwana. Alinituma kwa daktari mapema, kwa kinywa cha mwanamke niliyemdharau, nami nikamfukuza mjumbe. Ukiambiwa huoni, nenda kapimwe.

Na kama yupo hapa anayevuka kwenda Butembo, amtafute Kahindo. Amwambie kwamba hakuharibu kahawa ya mtu, na kwamba Baluku amekiri kanisani.