Mama Ramani Aliyekataa Kuchora Laini ya Uongo

Ndugu, jamaa na majirani mliokaa nasi siku hizi nne, familia imeona msikie kwa kifupi njia aliyopita dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina lake la kazini, Mama Ramani, nanyi mtuwie radhi pale sauti itakapokwama.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa kwanza kati ya watano wa karani wa posta na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la posta, na kwa kuwa mama alikuwa mtu wa zamu, yeye ndiye aliyetubeba mgongoni sote wanne, akatufulia nepi, akatufundisha kusoma saa, bila kuambiwa na mtu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1973 hadi 1979, akaenda sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1980, ambako alitengeneza taa za bweni mpaka matroni akachoka kumkataza na kumwachia ufunguo wa stoo ya umeme, kisha mwaka 1984 akaingia chuo cha ufundi kusomea simu, wasichana wawili tu kati ya wanafunzi thelathini na wanane, mwenzake akaacha njiani, yeye akahitimu tarehe 5 Desemba 1986.

Aliajiriwa katika kituo cha simu mwezi Machi 1987, na tarehe 22 Agosti 1992 alifunga ndoa na fundi cherehani ambaye dada alikuwa amempelekea sketi ya kazi kupunguzwa kiuno, akairudisha kwake mara tatu, na shemeji yetu anasema mpaka leo kwamba ile mara ya tatu sketi haikuwa na kasoro yoyote. Mungu aliwajalia binti, tarehe 3 Mei 1994, ambaye sasa ni mwalimu, na kijana, tarehe 19 Oktoba 1998, ambaye ni mwoka mikate.

Tarehe 1 Septemba 1999 alihamia hospitali kuu, yenye majengo kumi na manne, kutunza mtandao wa kompyuta uliounganisha maabara, wodi na duka la dawa. Huko ndiko alikotumia nguvu zake, na lazima tuseme kweli, huko ndiko zilikoishia.

Tarehe 17 Februari 2011 majibu ya damu yalikwama tangu saa sita mchana hadi jioni, maabara ikiamini imeshayatuma, wodi ya wazazi ikiendelea kuyasubiri, na mama mmoja aliyetoka kujifungua akachelewa kuongezewa damu, akapona chupuchupu. Mkuu wa kitengo alimuuliza dada ni wapi palipokatika, dada akatazama mchoro wa mtandao uliobandikwa ukutani, umejaa vifaa vilivyotupwa zamani. Alifika nyumbani akakaa na viatu miguuni, akamwambia mumewe, "Leo nimeulizwa kazi yangu mwenyewe, nikababaika kama mgeni."

Ndipo alipoanza kufuata kila kebo, jengo kwa jengo, juu ya dari na chini ya ngazi, kwa miezi kumi na mitano, juu ya kazi zake za kila siku, kisha akaandika programu inayokiuliza kila kifaa kimeungana na kifaa gani jirani, na kuyachora majibu kwenye skrini upya kila dakika, laini inayopitisha ikiwa kijani, iliyokatika ikiwa nyekundu.

Ilipokamilika, tarehe 8 Julai 2013, ramani ilionyesha jambo ambalo hakuna aliyetaka kuliona, kwamba laini mbili za maabara, ambazo bodi ya hospitali ilikuwa imeambiwa zinapita njia tofauti ili moja ikifa nyingine iokoe, zote zilikutana kwenye kifaa kimoja katika chumba cha kufulia. Mkuu wa kitengo alimwomba aichore ile ya pili kana kwamba inapita njia yake, kwa siku ya kikao cha bodi tu. "Chora tu, mama, bodi watatazama dakika tano waondoke." Dada akamjibu, "Hii siichori mimi, bosi, inajichora. Nikiipaka uongo leo, kesho nani ataiamini?"

Tarehe 1 Agosti alihamishiwa stoo kuorodhesha mashine za kuchapa, akakaa huko karibu miaka miwili, na tulipomshauri aombe radhi yaishe, alisema tu, "Nimechoka, lakini sijakosea."

Tarehe 9 Juni 2015 maji ya chumba cha kufulia yalivuja, kifaa kile kikaungua, laini zote mbili zikafa pamoja, na mkuu wa maabara akakimbia mwenyewe hadi stoo, ambako dada alifungua ramani yake, iliyokuwa ikiendelea kufanya kazi kwenye kompyuta kuukuu kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuizima, akaonyesha mahali, na baada ya dakika arobaini majibu yakaanza kufika wodini. Njia ya pili ya kweli ilichimbwa mwaka huohuo, dada akarudishwa kwenye nafasi yake, ila samahani hakuipata, wala hakuiulizia.

Kuanzia hapo kila laini iliyogeuka nyekundu ilikuwa yake, Jumapili, harusini, hata kwenye mahafali ya binti yake, na simu ikilia shemeji alikuwa akisema, "Mume mwenzangu anakuita," wakacheka wote wawili, lakini kadiri miaka ilivyokwenda alicheka shemeji peke yake.

Mwaka 2020 alianza kuhema akipanda ngazi, na tarehe 11 Januari 2021 madaktari walikuta moyo umepanuka, wakamtaka apumzike, akaomba kustaafu, akaombwa abaki mwaka mmoja tu, na mwaka huo ukazaa mwingine na mwingine, hadi tarehe 30 Juni 2024. Tulidhani nyumba itamchosha, kumbe alilala hadi saa nne asubuhi, kisha akakaa karakana ya mumewe akishona vifungo, bila haraka.

Alilazwa tarehe 26 Oktoba. Siku tano baadaye mwanamama aliyerithi kazi yake alikuja kumjulia hali, akashindwa kujizuia, akamuuliza kuhusu laini ya jengo jipya. Dada alisikiliza macho yamefumbwa, akasema taratibu, "Sijui, mdogo wangu. Nenda katazame," kisha akatabasamu, akamwomba binti yake amgeuze ubavu. Alifariki tarehe 2 Novemba 2024, saa nane mchana, mumewe akimkanda miguu, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja na sisi wadogo zake wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika na kulala nasi chini, na wafanyakazi wenzake, hasa wa maabara, mliokuja mkiwa na makoti yenu ya kazi.

Dada, ulichoka kweli, nasi tulikuona. Lala sasa, pumzika kwa amani.